Nafasi ya Tatu Kutoka Kushoto

Utando wa buibui hauuzwi dukani. Unautafuta mwenyewe saa nne ya mapumziko, nyuma ya vyoo, wenzako wakiwa kwenye foleni ya uji. Na si utando wowote. Ule wa kunasia nzi hauna kazi. Kinachotakiwa ni kile kijikaratasi cheupe cha mviringo, kama sarafu ya shilingi mia, ambacho buibui hubandika ukutani kufunika mayai yake. Unakibandua kwa wembe, unakilaza katikati ya daftari, unatembea nacho hadi darasani umebana pumzi. Mimi changu nilikilaza kwenye daftari la Biolojia, na mwalimu aliyepita kukagua notsi akakuta mchoro wa seli ya mmea umegandwa na nyumba ya buibui. Akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamjibu ni mambo ya mganda, ngoma yetu ya vibuyu. Akafunga daftari, akasogea dawati la pili.

Miezi minane kabla ya siku hiyo hakukuwa na kitu pale shuleni ambacho ningekitaja kikanitetea.

Niliingia kidato cha kwanza Januari 2009. Baba alikuwa ameamua nisome mbali na Dar, karibu na baba mdogo aliyekuwa mtumishi wilayani Mbinga. Basi liliondoka Ubungo alfajiri, likapita Morogoro, Iringa, Makambako, Njombe, na tulipoingia Songea usiku nilikuwa nimekwishamaliza machozi yote ya safari. Kesho yake tukapanda gari la Mbinga. Milima ya Umatengo ni mizuri, leo nakiri. Kuna kahawa, kuna mashamba ya ngoro, yale mashimo yaliyochimbwa mteremkoni kama sega la nyuki ili maji ya mvua yasibebe udongo. Siku ile niliona baridi tu. Nilikuwa na tranka la bluu, godoro, ndoo, fagio, kwanja, rimu ya karatasi, na sweta moja jepesi ambalo mama alilinunua akiwaza baridi ya Dar.

Njuka, wanafunzi wapya, wote wanateseka, hilo si habari. Unachota maji ya kaka wa kidato cha nne, unaimba wimbo wa shule juu ya kitanda, unacheka usipochekeshwa. Shida yangu ilikuwa kwamba wenzangu walitoka mateso hayo wawiliwawili na watatuwatatu, kwa kabila, kwa shule ya msingi, kwa parokia. Mimi nilitoka peke yangu. Waliniita Feri, kwa sababu nilipoulizwa natoka wapi nilisema Kigamboni, tunavuka kwa pantoni. Halikuwa jina baya. Lilikuwa tu jina la mtu ambaye hajafika.

Walinijaribu kwenye mpira. Ligi ya mabweni ilikuwa kila Jumamosi, na bweni letu halikuwa na kipa. Nilifungwa manne kabla ya mapumziko. La tano niliudaka mpira vizuri kabisa, nikageuka kwa furaha kuurusha, ukaniponyoka ukaingia nyavuni. Walimu wenyewe walicheka. Hadi mwisho wa muhula mtu akiangusha sahani bwaloni watu walipaza sauti: "Feri kaokoa!"

Kwa hiyo nielewe vizuri msomaji: sikuingia kwenye mganda kwa mapenzi ya utamaduni. Jumatano mchana ilikuwa siku ya michezo na klabu. Kulikuwa na skauti, kulikuwa na Malihai ya wapenda wanyamapori, Fema, mdahalo, kwaya, riadha. Asiyekuwa na jina kwenye orodha yoyote alikabidhiwa kwa mwalimu wa mazingira, na mazingira maana yake ni kwanja. Nilifyeka majani Jumatano tano mfululizo. Ya sita nikaona kundi dogo la wavulana nyuma ya jiko, chini ya mparachichi, wameshika vibuyu. Hawakuwa na mwalimu. Walikuwa na mlinzi.

Babu tulimwita Babu, na kwa kweli alikuwa babu. Kofia ya sufu, koti la mvua, rungu. Alilinda geti usiku, na mchana alipaswa kulala. Kwao ni Liuli, kando ya Ziwa Nyasa. Alipata kuniambia kwamba mzungu aliyemjua tangu utotoni alikuwa mmoja tu, yule wa jiwe, akimaanisha mwamba ambao Wajerumani waliufananisha na sfinksi ya Misri wakaiita bandari yao Sphinxhafen. Mwenyewe aliuita Pomonda.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nataka kucheza."

"Umetumwa au umekimbia kazi?"

Nilimwambia nimekimbia kazi. Sijui kwa nini sikudanganya. Akacheka, akanipa kibuyu kikubwa kuliko vyote, cha sauti ya chini, kwa sababu aliyekuwa anakipiga alikuwa amehamishwa shule. Nikakipuliza. Kimya. Nikapuliza tena hadi masikio yakauma.

"Hilo si tarumbeta," alisema. "Imba."

Ndiyo siri yenyewe. Kibuyu cha mganda hukipulizi, unaimba ndani yake. Sauti yako inagonga ule utando uliozibwa kwenye tundu, utando unatetemeka, na kinachotoka upande wa pili si wewe tena: ni kitu chenye mkwaruzo, kama tarumbeta la bati lililofunikwa blanketi. Mtu mwenye sauti mbaya hajulikani. Ndiyo kwanza sauti ilikuwa inanivunjika, neno moja linaanza besi linaishia kama la mtoto, na darasani nilikuwa nimeacha kunyoosha mkono kwa aibu hiyo. Ndani ya kibuyu hakuna aliyejua.

Kulikuwa na jambo lingine pale chini ya mparachichi ambalo watu wa rika langu watalielewa mara moja. Shuleni ukikamatwa unaongea Kiswahili ulivalishwa kibao shingoni, ukatembea nacho hadi umkamate mwingine. Kusema kweli tulikuwa shule ya mabubu. Hatukuwa na Kiingereza cha kutosha kuwa marafiki. Tulikuwa na cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Lakini Babu hakujua Kiingereza, na hakuna mwalimu aliyethubutu kumvalisha mlinzi kibao. Kwa hiyo saa mbili za Jumatano, na baadaye kila jioni kabla ya prepo, kujisomea kwa usiku, tulikuwa watu wenye ulimi. Nilicheka kwa Kiswahili, nikatukanwa kwa Kiswahili, nikajifunza kwamba yule mrefu anayesimama kushoto kwangu ni mcheshi kupita wote shuleni. Muda wote huo tulikuwa tumelala bweni moja sijui.

Mganda ni kwata. Hilo ndilo la kwanza linalomshangaza anayeuona. Hakuna kukata kiuno. Mnasimama mistari kama askari, kaptula nyeupe, shati jeupe, soksi nyeupe hadi gotini, mnainama kidogo, mnanyanyua mguu polepole na kuushusha kwa pamoja, na ngoma kubwa inawashikilia msikimbie. Kuna kaptaini, kuna sajini, kuna filimbi. Mwalimu wetu wa Historia, ambaye alikuja siku moja kuchungulia na tangu hapo hakukosa, ndiye aliyetueleza ilikotoka. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipita hapo hapo ziwani. Mapigano ya kwanza ya meli Ziwa Nyasa yalikuwa Agosti 1914, pale Liuli kwa akina Babu, Waingereza walipoishambulia kwa mizinga meli ya Wajerumani iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Vijana wa pande zote mbili za ziwa walichukuliwa kuwa wapagazi na askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika. Waliobahatika kurudi walirudi na hatua za gwaride vichwani, na sauti za bendi ya shaba. Shaba hawakuwa nayo. Walikuwa na vibuyu. Upande wa Malawi wanaiita malipenga. Na mwambao wa bahari kulikuwa kumekwishatangulia beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, na vyama vyake vya Marini na Arinoti, watu wakishindana mtaa kwa mtaa nani kavaa vizuri na nani kapiga vizuri zaidi.

Somo hilo nililishika kuliko lolote nililofundishwa ubaoni, labda kwa sababu miguu yangu ilikuwa inauma nalo. Mwalimu alisema jambo ambalo nimelifikiria sana baadaye: hawa watu walidhalilishwa na jeshi la watu wengine, wakarudi nyumbani wakachukua lile gwaride lililowadhalilisha wakalifanya fahari ya kijiji. Babu, aliyekuwa anasikiliza huku anachonga kifuniko cha kibuyu, akaongeza: "Na tukashinda wanawake." Akimaanisha kuwavutia, sio kuwapiga. Kwamba wanawake wana ngoma yao, kioda, na mara nyingi wao ndio wanaoshinda, hilo hakulisema. Tulikuja kulijua wenyewe.

Nafasi yangu ilikuwa mstari wa mbele, ya tatu kutoka kushoto. Babu alizipanga kwa sauti, si kwa urefu, kwa hiyo tulionekana kama meno ya mzee. Machi 2010 niliugua malaria. Nililala chumba cha wagonjwa siku sita, dawa ya mseto asubuhi na jioni, natapika, naota pantoni. Mwaka wa kwanza niliwahi kuugua vilevile, na nakumbuka nilirudi darasani mwenzangu wa dawati akaniuliza, "Kwani hukuwepo?" Safari hii siku ya pili tu dirishani pakawa na vichwa. Walileta uji kwenye kikombe cha bati, umepoa, nusu umemwagika njiani. Yule mrefu akaniambia mazoezi yamekuwa mabaya mno.

"Sauti ya chini hamna?"

"Sauti hamna, na Babu anagoma kutuziba."

Kumbe walitaka kusogea, wa nne awe wa tatu, mstari ukae sawa hadi nipone. Babu akakataa. Akawaambia wacheze na pengo. Jioni nne wanacheza wamebeba uwazi katikati, kila mmoja anajua mguu wa nani haupo hapo. Niliposikia hivyo niligeukia ukuta, nikajifanya nimepitiwa na usingizi.

Waraka wa nyumbani wa mwezi ule ninao, mama alikuwa anatunza kila kitu. Simu zilikuwa marufuku shuleni, tuliandika. Barua zangu za 2009 zote zinasema "hii shule". Hii shule chakula chake, hii shule baridi yake. Ile ya baada ya malaria nimeandika "shuleni kwetu tuna mganda." Sikuwa najua nimebadilisha neno. Mama ndiye aliyeliona, miaka mingi baadaye, akanionyesha kwa kidole.

Mwaka 2011 tulikwenda UMISSETA ngazi ya mkoa. Nieleze kwa walio nje ya Tanzania: ni Umoja wa Michezo na Sanaa Shule za Sekondari, unapanda ngazi kutoka shule hadi wilaya, mkoa, taifa, na watu wakiusikia huwaza mpira, netiboli na riadha, wakasahau hiyo S ya sanaa. Hata shuleni kwetu waliisahau. Bajeti ya jezi ilikuwepo. Ya soksi nyeupe haikuwepo. Tulikuwa na soksi za kijivu za sare, na Babu alisema kwa soksi za kijivu hatutoki getini. Jioni ya kuamkia safari, nahodha wa timu ya mpira, yuleyule aliyebuni "Feri kaokoa," akaingia bwenini na mfuko wa rambo. Jozi kumi na nne za soksi nyeupe za mpira, zimefuliwa, bado mbichi. Akautupa kitandani kwangu. "Mkizichafua tunawaua," akasema, akatoka. Tulizianika usiku kucha juu ya taa za chemli za kaka wakubwa. Mbili ziliungua.

Fuso lilitupakia wote pamoja, wapira, warukaji, kwaya, sisi na vibuyu vyetu vimefungwa kwenye mablanketi. Barabara ya Mbinga kwenda Songea enzi hizo ilikuwa vumbi tupu, tulifika wekundu hadi kope. Tulipokaribia Uwanja wa Majimaji mwalimu wa Historia, aliyekuwa amekaa mbele, akatoa kichwa dirishani kutukumbusha kwamba timu ya mji huu, iliyokuwa bingwa wa nchi tukiwa watoto, inaitwa Wanalizombe, jina la ngoma ya Wangoni. "Wapira wanajiita kwa jina la ngoma!" alipiga kelele. "Mnasikia nyie wapira?" Wapira wakamzomea. Lakini kesho yake tulipoingia uwanjani kucheza, walikuwa wamesimama pembeni wote, wameshatolewa robo fainali, na nilipopita karibu na kamba nahodha alikuwa anawaambia watoto wa shule nyingine: "Angalieni sasa. Angalieni yule wa tatu."

Tulicheza dakika kumi. Sikumbuki hata moja. Nakumbuka kwamba katikati utando wangu ulipasuka, kibuyu kikabaki kinatoa sauti yangu tupu, ya kwangu mwenyewe, besi kavu isiyokwaruza, na sikunyamaza.

Tulikuwa wa pili. Wa kwanza walikuwa wasichana wa kioda, na walistahili. Walikuwa na jambo ambalo sisi hatukuwa nalo, walikuwa wanatabasamu. Hatukwenda taifa. Tulirudi Mbinga usiku wa manane, baridi ya Juni inakata masikio, tukitegemea kushuka kimyakimya. Babu alifungua geti, hakutusalimia. Alipuliza filimbi. Taa za mabweni zikawaka, wavulana wakatoka na mashuka mabegani, mia nne na zaidi, patroni yuko na kandambili anapiga kelele watu walale. Hakuna aliyelala. Tulicheza uwanja wa mstarini bila viatu, soksi za watu miguuni, na tulizichafua vibaya sana.

Watu huniambia: sawa, na masomo je? Swali halali. Wazazi wengi wanaona Jumatano mchana ni muda uliotupwa, na hata serikali mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliwahi kusimamisha mashindano ya shule kwa hoja hiyohiyo ya muda wa masomo, kisha ikayarudisha. Mimi sina ushahidi wa kumfuta mtu hoja. Nina darasa langu tu. Tulifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012, na kila Mtanzania anajua maana ya mwaka huo. Matokeo yalipotoka Februari 2013 zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walikuwa na sifuri. Serikali ikaunda tume, ikayafuta, ikayapanga upya, sifuri zikapungua kidogo. Katika kumi na wanne wa mganda, watano tulipata cha kutuvusha. Wengine walikuwa wameambiwa na karatasi moja kwamba miaka minne yao ni duara. Je, bila mganda wangefaulu? Wapira walifeli vilevile. Waliofyeka majani walifeli vilevile. Waliokaa darasani Jumatano nzima wanakariri walifeli vilevile, na hao ndio waliobaki bila kitu cha kuzungumzia.

Sisi tuna kundi la WhatsApp. Waliosoma hadi chuo kikuu wamo, bodaboda wamo, mmoja ni katekista, mmoja ana duka la pembejeo Mbinga mjini. Hakuna anayetaja divisheni. Tunaitana kwa namba ya mstarini. "Wa Tano, umelipa mchango?" "Wa Kumi, mtoto kapona?" Babu alipofariki ujumbe uliandikwa na Wa Kwanza, mstari mmoja, na mpaka jioni kila namba ilikuwa imejibu.

Mwezi wa tisa mwaka jana Wa Nane alioa, ukumbi wa Mbagala. Tulikuwepo tisa. Mshereheshaji alipouliza marafiki wa bwana harusi wana zawadi gani tukatazamana, kwa sababu zawadi tulikuwa tumeshatoa na ilikuwa blenda. Wa Sita akaomba vitana kwa wasusi waliokuwa wanawatengeneza wasimamizi. Mtu akatoa pakiti ya sigara, tukachana ile karatasi nyembamba ya ndani, tukaifunga kwenye meno ya vitana. Kazi ni ileile ya utando: unaimba, inakwaruza. Tukajipanga mbele ya meza kuu, suti na viatu vya ncha, tukiacha uwazi kwa wasiokuwepo. Yule mrefu, mcheshi, Wa Pili, anavua dagaa Mbamba Bay na nauli ilimshinda. Kushoto kwangu palikuwa wazi.

DJ akazima muziki. Wa Kwanza akapuliza filimbi kwa vidole. Tukainama, tukanyanyua mguu.

Shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye furaha zake, akaja anacheza, noti mkononi, akaona lile pengo kando yangu akataka kuingia. Niliacha kuimba, nikamwinamia sikioni.

"Samahani mama. Hapo kuna mtu."